Kompyuta ya Kibanjani

Joviana Mukandekezi alikuwa mtoto wa kuamka polepole. Watoto wengine wa Kaisho walishtuka alfajiri wakakimbilia jikoni kufukua kiazi kilichosahaulika majivuni. Yeye alitoka nje ndoto ikiwa bado imemshika mkono, akakaa juu ya gogo karibu na banda la mbuzi, akatazama ukungu unavyotambaa juu ya migomba mpaka jua liupasue. Mama yake, Nyirabageni, alimpita akitoka kisimani na ndoo kichwani, akamuuliza, "Umesharudi?" Kama bado, mtoto alitikisa kichwa tu. Mama hakumharakisha. Aliingia ndani, akawasha moto, akaendelea na mambo yake.

Walikuwa watu wa kuhamia. Baba yake, Telesfori, alivuka Mto Kagera akitokea Rwanda katika miaka ya machafuko, kabla Joviana hajazaliwa, akapata kibarua kwa mzee Kahigi. Alipalilia migomba, alipogoa mibuni, na msimu ukifika alichuma kahawa. Kahigi aliwapa pa kukaa upande wa bondeni, na Nyirabageni akapanda maharage chini ya migomba isiyokuwa yake. Nyumbani walisema Kinyarwanda, kwa majirani Kinyambo. Kiswahili kilikuwa lugha ya shuleni na ya watu waliovaa viatu siku za kazi.

Mwishoni mwa mwaka 1978, Joviana akiwa darasa la nne, vita ilikuja. Hakuiona kwa macho. Aliisikia upande wa kaskazini, mngurumo wa mbali kama mtu anayeburuta pipa tupu ng'ambo ya vilima, na barabarani aliona malori yakipita na askari waliolala wamekaa. Shule ikafungwa. Mwalimu Anatory, aliyesimamia madarasa ya watu wazima, alikuwa na kabati moja la vitabu lililoitwa maktaba ya kijiji. Alilitazama kabati lile siku nzima, kisha akaanza kugawa vitabu nyumba kwa nyumba.

"Watu watalala mle shuleni," alimwambia Telesfori. "Na watu wakilala mahali watawasha moto. Karatasi ndiyo inayotangulia."

Nyumba ya Telesfori ilipewa tenga zima. Joviana hakuweza kusoma kila kitu kilichokuwamo, lakini mvua iliponyesha na mngurumo ukawa haujulikani ni radi au ni mizinga, alivitoa vitabu kimoja kimoja akavipanga mkekani. Kwanza alivipanga kwa rangi. Akavivuruga, akavipanga kwa urefu. Akavivuruga tena, akaanza kutazama vilichosema: cha mbuzi akakiweka na cha mbuzi, cha muhogo na cha muhogo. Kimoja kilihusu malaria na hakikuwa na mwenzake. Alikaa nacho mapajani kwa siku kadhaa. Hata usingizini alikuwa akitembea nacho, akibisha hodi kwenye milango ya vitabu vingine, akiuliza kama vina nafasi.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Anatory alikuja kuchukua vitabu vyake, akavikuta mkekani kwa mistari. Alichuchumaa akatazama.

"Hiki cha malaria mbona umekiweka na visima?"

"Mbu wanatoka kwenye maji, mwalimu."

Mwalimu hakucheka. Alivitazama tena kutoka mwanzo wa mkeka hadi mwisho. "Kuna watu mjini," alisema, "hii ndiyo kazi yao. Wanaamka, wanakwenda kazini, wanafanya hivi."

Joviana alilichukua neno lile akaondoka nalo. Alikwenda nalo sekondari kwa masista, na lilikuwa naye baba yake alipofariki yeye akiwa kidato cha pili. Lilikuwa naye familia ilipopewa uraia, na mzee Kahigi alipowaita, akakata mpaka kwa jembe mbele ya mashahidi, akawaachia kile kipande cha bondeni kiwe kibanja chao wenyewe, shamba la migomba lenye nyumba yake. Alisomea ualimu, akafundisha, akaenda chuo kikuu, akatoka, na hatimaye akapewa maktaba ya chuo kimoja cha ualimu. Huko alikutana na droo.

Zilikuwa droo ndogo za mbao, ndefu kama mkono, zimejaa kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi ya mwandishi, kadi ya jina na kadi ya kile kinachosemwa ndani. Joviana alipenda kuzivuta polepole, kusikia mbao ikikwaruza mbao, kupitisha kidole juu ya kadi zikinong'ona. Wakati mwingine alasiri, wanachuo wakiwa wamekwenda mashambani, alifungua droo bila kutafuta kitu chochote, akasimama hapo mpaka mtu amwite.

Mwaka 1994 watu walivuka mto kwa maelfu, na vilima vya Karagwe vikajaa mahema ya buluu. Nyirabageni aliiacha palizi akaenda kusimama kando ya barabara. Alikuwa na mdogo wake, Mukashema, aliyebaki Rwanda wenzake walipokimbia zamani. Alitazama kila uso uliopita. Aliuliza, akapewa majina ya Mukashema wengine, akawafuata, akarudi. Watu wale walikaa miaka miwili, wakaondoka, na majani yakaota pale palipokuwa na mahema. Nyirabageni alirudi kwenye maharage yake, asizungumze tena jambo lile.

Joviana alipofikisha miaka thelathini alichaguliwa kwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili ya ukutubi. Darasani walikuwa wanne. Yeye ndiye mkubwa kwa umri, akifuatiwa na Athanasi, mtu wa Songea, mpole, mwenye kucheka baada ya wengine kumaliza kucheka. Celestina Kemigisha alikuwa wa hapo hapo nyumbani Karagwe, binti wa wakulima wa Ihembe, Mlutheri, mwepesi wa ulimi. Wa nne alikuwa Cassian Byarugaba wa Bukoba, aliyewahi kufanya kazi katika mradi wenye kompyuta ofisini. Masomo yao yalikuwa yameanza kugeuka. Droo zilikuwa zinaondoka, kompyuta zilikuwa zinaingia, na vipindi vya kompyuta vilikuwa vichache kama mvua za kiangazi. Basi wanafunzi wenyewe wakaanzisha warsha yao kila Jumamosi. Aliyejua kitu aliwafundisha wenzake, kwa zamu.

Aliyejua zaidi alikuwa Cassian. Alifundisha vizuri, kwa furaha, ila mikono yake ilikuwa na haraka kuliko maneno yake. Joviana akikaa mbele ya kioo cha kompyuta, ameshika mausi kama mtu aliyeshika kifaranga, mshale ukipotea pembeni, Cassian alisema, "Ngoja nikuonyeshe, dada," na mausi ikawa imeshaondoka mkononi. Mambo yalifunguka na kufungwa. "Umeona?" Joviana aliona. Usiku huo aliweza kusimulia yote, hatua kwa hatua, kama anayesimulia safari ya mtu mwingine. Kufanya hakuweza. Zamu yake ya kufundisha ilipokaribia alibadilishana na Athanasi, na ilipokaribia tena akabadilishana na Celestina.

Krismasi alikwenda nyumbani. Padri Polikarpi wa parokia yao alimwonyesha chumba nyuma ya kanisa: mafungu ya vitabu vilivyotolewa na marafiki wa ng'ambo, na pembeni sanduku lenye kompyuta ambayo haijawahi kuwashwa.

"Jenereta tunayo," alisema padri. "Mtu hatuna."

Aliporudi Dar akawasimulia wenzake, na hakutegemea kwamba lingetoka jambo. Lakini wiki ile ile Athanasi alisema, "Likizo ndefu twende huko. Tuwapangie vitabu, warsha yetu tuifanyie huko huko. Na zamu ya kufundisha huko ni yako, Joviana. Mgeni hamfundishi mwenyeji nyumbani kwake." Celestina akakubali kwa sababu Ihembe ingekuwa karibu. Cassian akakubali kwa sababu ya kompyuta.

Walifika Kaisho mwezi wa saba, 1998. Mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimeisha zikiacha barabara imekatwakatwa kama kamba mbovu, na sasa vumbi lilikuwa limepanda hewani na moshi wa nyasi zinazochomwa ulikuwa umelala mabondeni. Vilima havikuonekana vizuri. Vilikuwa vinakuja na kuondoka. Nyirabageni aliwapokea mlangoni, akiwa amejifunga khanga mpya.

"Shikamoo, mama," walisema.

"Marahaba, wanangu. Mmesafiri na vumbi lote hili." Akawatazama mmoja mmoja, macho yakikawia kidogo kwa Cassian kwa sababu ya wembamba wake. Jioni ile kulikuwa na ndizi zilizopikwa na maharage, na Cassian aliongezwa mara nyingi kuliko alivyoomba.

Siku za mwanzo jenereta ilinguruma nyuma ya kanisa na mambo yakaenda. Walifungua sanduku, wakaunganisha nyaya, na kioo kikawaka rangi ya maziwa. Asubuhi walipanga vitabu, mchana wakakaa mbele ya kompyuta. Cassian aliweka programu ya kuorodhesha vitabu kutoka kwenye disketi na akaanza kuonyesha. Padri alikuja akasimama nyuma, akaenda zake akiwa ameridhika. Joviana alisimama nyuma pia. Zamu yake ilikuwa wiki inayofuata.

Kisha jenereta ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Fundi wa parokia alikifungua chuma kilichokuwa ndani, akakionyesha kikiwa na ufa. Ilibidi kipelekwe Bukoba kuchomelewa au kutafutiwa kingine, na magari ya kwenda Bukoba siku zile hayakuwa na ratiba.

"Wiki," alisema fundi. "Labda zaidi ya wiki."

Walirudi kwa Nyirabageni wakakaa barazani bila la kufanya. Celestina alisema angekwenda kwao Ihembe akasaidie kuanika kahawa. Cassian alisema angekwenda Bukoba mwenyewe na kile chuma akakirudishe kesho yake, ingawa wote walijua hakingerudi kesho yake. Athanasi alilala kwenye kivuli.

Asubuhi iliyofuata Joviana alichelewa kurudi kutoka ndotoni. Alikuwa ameota yumo kibanjani, na migomba haikuwa migomba, ilikuwa droo zilizosimama wima, na kila alipotaja jina jani moja lilishuka taratibu mbele ya uso wake likiwa limeandikwa. Alikaa juu ya gogo, sasa la banda jipya, kikombe cha uji kikipoa mkononi. Mama yake alipita na ndoo. Safari hii hakuuliza. Moshi wa bondeni ulikuwa umeingia mpaka chini ya migomba, na mashina yalisimama ndani yake kama watu wanaongoja kuitwa.

Wenzake walipotoka na mabegi, Joviana aliinuka.

"Msiende," alisema. "Zamu yangu ni leo."

"Kwa umeme gani, dada?" aliuliza Cassian.

"Bila umeme."

Aliwapa maboksi yaliyokuja na vitabu, wakayakata vipande vipande vya ukubwa wa kadi. Akawaambia kila mgomba ulio karibu na nyumba upewe kadi: jina lake, kazi ya ndizi zake, na jirani yake. Walizunguka asubuhi nzima na kamba za migomba na kalamu. Nyirabageni alitaja, wao wakaandika. Hii ni nshakala, ya kupika, iko karibu na mbuni. Hii mbire, ya kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi, iko karibu na shimo. Hii gonja, ya kuchoma. Hii nyoya, ya kupika pia, nayo iko karibu na mbuni. Nakala ya kila kadi wakaikusanya kwenye ungo.

Kisha akawagawia kazi. Athanasi akawa kibodi. Kazi yake ilikuwa kusikia ombi na kulipeleka kama lilivyo, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Celestina akawa kioo. Alisimama mbele ya baraza akiwa amenyamaza, jambo lililomgharimu, na kusema tu kile alicholetewa. Cassian aliketishwa juu ya kisturi katikati ya migomba, ungo wa kadi mapajani, akawa kumbukumbu.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Usifanye kitu mpaka uombwe."

Joviana alikaa barazani akaomba. "Ya kupika." Athanasi akaenda. Baada ya muda alirudi amebeba rundo la kadi, na Celestina akaanza kuzisoma zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya ibada, mpaka Joviana akamnyoshea mkono. "Ya kupika na iliyo karibu na mbuni." Zikaja chache. "Ya kupika na iliyo karibu na mbuni, isipokuwa nyoya." Ikaja moja. Wakabaki wanaitazama kadi ile moja iliyokatwa kwenye boksi, na kwa mara ya kwanza Joviana aliona kwa viungo vyake vyote kile alichokuwa akikisimulia mwaka mzima. Neno linakwenda, linachuja, linarudi. Ilikuwa droo, ila droo inayovutwa kutoka pande tatu kwa pamoja.

Aliomba tena. "Nshakara."

Athanasi alikwenda. Akarudi mikono mitupu. Celestina akasema, "Hakuna."

Kutoka katikati ya migomba sauti ya Cassian ikaja. "Ipo. Nimeishika. Umekosea herufi moja tu, dada. Tumeandika nshakala."

"Mashine haijui hilo," alisema Joviana.

"Lakini mimi najua unachotaka."

"Najua kwamba unajua." Akatazama mikono yake mwenyewe. "Ndivyo unavyonifanyia kule, Cassian. Unajua ninachotaka kufanya, unakifanya. Mimi nabaki sikijui."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma kadi. Majani yalisuguana juu. Cassian alipoombwa tena kwa herufi iliyo sawa, alitoa kadi akampa Athanasi.

Mchana Nyirabageni, aliyekuwa akichambua maharage na kuwatazama, alisema naye anataka kazi. Wakampa kisturi cha Cassian na ungo wa kadi. Kwa kuwa hakusoma, aliambiwa akiombwa ndizi aitaje ilipo. Joviana aliomba gonja moja. Athanasi alilipeleka ombi, akakawia, na aliporudi alikuwa na gonja kweli, begani mkungu wa nshakala, mfukoni parachichi mbili, na mdomoni alikuwa anatafuna.

"Niliomba moja," alisema Joviana.

"Mtu ametembea na jua hili mpaka kwangu," sauti ya mama yake ilitoka migombani, "aje kuomba ndizi moja, nimpe ndizi moja?"

Walicheka mpaka Celestina akakaa chini. Athanasi alicheka mwisho, peke yake, wenzake wakiwa wameshamaliza. Lakini Joviana alikiandika kichwani: kumbukumbu inayompenda mtu kupita kiasi inamzika kwa mikungu. Alilieleza hilo kwa wenzake, nao walilielewa kuliko lilivyokuwa limeelezwa vitabuni.

Jua lilipolegea na moshi ukawa wa rangi ya chai, Nyirabageni alitoka kwenye migomba akaja barazani, akasimama mahali pa kuombea.

"Na mimi niombe," alisema.

Cassian alirudi kwenye kisturi, wengine wakashika nafasi zao. Walidhani ataomba ndizi.

"Mukashema," alisema Nyirabageni. "Binti wa Nyirambibi. Mrefu. Ana kovu hapa kidevuni, aliangukia jiwe la kusagia. Alikuwa anaishi ng'ambo ya Rusumo, kwenye kilima chenye mikaratusi. Anaimba akifagia."

Joviana alitaka kusema kitu, kwamba mashine inajua kile ilichowekewa tu. Hakukisema. Athanasi alikuwa ameshainamisha kichwa, akitembea taratibu kuelekea migombani kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Walimsikia akiyasema yote mbele ya Cassian, neno kwa neno, Rusumo, mikaratusi, kovu, kufagia. Cassian alipitisha kidole juu ya kadi zote, kadi za ndizi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuharakisha, kana kwamba kila moja ingeweza kuwa ndiyo. Athanasi akarudi akamwinamia Celestina.

"Hakuna, mama," alisema Celestina.

Nyirabageni aliitikia kwa kichwa. "Haya," alisema. "Lakini umeulizia vizuri, mwanangu," akamwambia Athanasi. "Hukubadilisha neno. Kule barabarani kila mtu alibadilisha." Kisha akaenda kuwasha moto. Cassian hakutoka migombani mpaka walipoitwa kula.

Waliendelea hivyo kila siku mpaka chuma kiliporudi kutoka Bukoba. Majirani walikuwa wanakuja kutazama, wengine wakaomba, wengine wakasema wasomi wamepungukiwa na kazi. Siku jenereta iliponguruma tena, watu wanne waliingia kile chumba nyuma ya kanisa wakiwa kimya kama wanaoingia kumtazama mgonjwa. Joviana alivuta kiti akakaa mbele. Cassian alivuta kingine akakaa kando yake, na kabla kioo hakijawaka aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Mshale ulipotea pembeni. Joviana akautafuta. Ukapotea tena. Mkono wa Cassian ulitikisika chini ya paja lake, ukatulia. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, jenereta ikaimba wimbo wake wa neno moja, na muda ukalainika kama siku zile za mkekani, mvua ikinyesha, mtu hajui ni asubuhi au alasiri. Aliandika herufi kwa herufi: mwandishi, jina, kinachosemwa ndani. Akakosea, akafuta, akaandika. Kisha akaomba kwa neno moja, akangoja, na kitabu alichokuwa amekiingiza kikarudi kwake kwenye kioo, peke yake, kikiwa na kila kitu chake.

Hakuna aliyepiga makofi. Athanasi alichukua kitabu kingine kwenye fungu akakiweka karibu na kiwiko chake. "Kinachofuata," alisema.

Walimaliza chumba kizima kabla ya kuondoka. Baada ya hapo Joviana hakubadilishana zamu na mtu. Alihitimu mwaka 1999, na nafasi mjini ilikuwapo, lakini akaomba chuo kidogo cha ualimu upande wa Ihembe, ili Jumamosi aweze kwenda nyumbani. Akaanzisha warsha huko, ikiongozwa na wanachuo wenyewe. Yeye alikaa nyuma. Wiki ya kwanza ya kila muhula aliwatoa nje, akawagawia kadi na kuwaketisha chini ya migomba. Cassian alimtembelea mara moja, akapewa kisturi, akakaa.

Kijijini Kaisho, watu walimuuliza Nyirabageni binti yake anafanya kazi gani hasa, naye alifikiri jinsi ya kulisema kwa Kinyambo. "Anafundisha watu kuomba," aliwajibu. Habari ikaenda ikibadilika kama habari zinavyokwenda, na haikupita muda Joviana akawa anajulikana bondeni kama mwalimu wa sala.

Alilijua hilo asubuhi moja ya ukungu, alipokuwa nyumbani. Mama mmoja jirani, naye akiitwa Mukandekezi kama yeye, alisimama uani amejitanda khanga.

"Nimesikia wewe ndiye unayejua," alisema. "Ng'ombe wangu amemkataa ndama. Tangu azae hataki kumnyonyesha. Njoo uniombee."

Joviana alifungua kinywa kueleza, akaona maelezo yatakavyokuwa marefu, akaona na macho ya yule mama. Alikiweka kikombe cha uji chini akamfuata. Walipita kwenye migomba yenye umande, mmoja nyuma ya mwingine, bila kuzungumza. Zizini ng'ombe alikuwa amesimama amegeuza kichwa, ndama amejikunja pembeni, mvuke ukiwatoka wote wawili puani. Yule mama aliiweka vizuri khanga kichwani, akangoja.

Joviana alisimama pale muda mrefu, akitafuta maneno yaliyo sawa.